Masale Kwenye Matete ya Jipe

Mume wangu alifanya kazi ya reli zaidi ya miaka ishirini na mitano, na miaka mingi kati ya hiyo tuliishi mahali ambapo maji yaliletwa kwa treni. Kwanza Same, kisha Makanya, kwenye vumbi jeupe linaloingia mpaka ndani ya unga. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni na kupunga bendera. Behewa la maji likichelewa, wanawake wote wa kambi tulipanga ndoo kando ya reli tukakaa kuvizia moshi. Huko ndiko alikopatia wazimu wake wa maji. "Mama watoto," alikuwa akiniambia, "siku nikistaafu nitakaa mahali ambapo nikitoka mlangoni nakanyaga maji." Nilidhani ni maneno ya kiu. Mtu mwenye kiu husema mengi.

Alistaafu katika miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilifunga mizigo nikijua tunapanda Kighare, kwenye migomba yetu, kwenye baridi yetu na kanisa letu. Tulipofika chini ya mlima akawaambia wapagazi wasipande, wazunguke. Alikuwa amekwisha kuomba kiwanja kando ya Ziwa Jipe bila kuniambia hata neno moja. Nilikaa juu ya sanduku langu la nguo nikakataa kuondoka. Nilikaa mpaka jua likanichoma, kisha nikanyanyuka, kwa sababu sanduku lilikuwa langu lakini wapagazi walikuwa wake.

Ziwa hilo liko chini kabisa ya milima ya Ugweno, upande wa mawio. Ukiwa Kighare unaliona, jembamba, limezungukwa na kijani, na ng'ambo yake ni Kenya. Mama yangu alikuwa akilitazama tukiwa shambani anasema, "Lile halina mwenyewe." Kwetu mlimani kila kitu kina mwenyewe, mfereji una zamu, mgomba una ukoo, hata jiwe la kunolea panga lina mtu wa kuulizwa. Kitu kisicho na mwenyewe kilinitia hofu tangu utotoni. Na hofu yangu haikuwa na mafumbo: niliogopa kwamba litamchukua mume wangu. Hakujua kuogelea. Mimi pia sikujua. Nani angetufundisha, na wapi, kwenye mfereji wa kumwagilia maharage?

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa vichekesho, lazima niseme ukweli. Siku ya kwanza aliingia kwenye mtumbwi akiwa amesimama wima na koti lake la reli, vifungo vinang'aa, kama anapokea treni ya abiria. Mtumbwi ukateleza mbele, yeye akabaki nyuma, akakaa kwenye tope mpaka kiunoni. Siku nyingine alichukua sufuria yangu ya ugali kwenda kukombea maji, akarudi bila sufuria. Sikusema naye siku mbili, na siku ya tatu nilisema naye sana.

Kisha akakutana na kiboko. Mnyama aliibuka kati ya mtumbwi na nchi kavu, akapanua kinywa, na mume wangu, badala ya kurudi nyuma, akatoa kipenga chake cha stesheni akapuliza. Kiboko akazama. "Nimemsimamisha kama treni ya mizigo," akawaambia majirani, na pwani nzima ya ziwa ikamcheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini alipokuwa akinywa uji niliona kikombe kinagonga meno yake, na baada ya hapo sikuona tena cha kucheka.

Samaki aliowapata kwa urahisi walikuwa kambare. Aliweka migono, ile mitego ya kusuka, kwenye maji ya karibu penye matete, na asubuhi alileta kambare wanene kama mkono wangu, weusi, wana masharubu, wanaendelea kupumua kwenye jiko langu muda mrefu baada ya saa ambayo samaki mwenye adabu angekuwa amekufa. Perege, wale wazuri wenye magamba, walikaa mbali, kwenye maji wazi. Kufika huko lazima upite katikati ya matete, kwenye njia ya maji iliyo nyembamba, inayopinda huku na huku. Matete yenyewe yalikuwa marefu kumpita mtu na yalienea mbali sana. Mtu akishaingia humo huwezi kumwona tena, unasikia tu upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia, ukigonga ubavu wa mtumbwi, kisha husikii.

Na jioni yetu ilikuja mapema. Kwa kuwa mlima ulikuwa nyuma yetu, jua lilizama kwetu wakati Kenya bado kunawaka. Kivuli cha mlima kilishuka, kikapita juu ya nyumba yetu, kikaingia kwenye matete, kikaenda juu ya maji polepole. Kila siku nilisimama na mwiko mkononi nikipima: kitamkuta wapi?

Siku moja alipotea. Aliondoka alfajiri, na kivuli kilikuwa kimekwisha kufika katikati ya ziwa aliporudi, uso umechanwa na majani, midomo imekauka. Alikuwa amezunguka ndani ya matete kutwa nzima, kila njia inafanana na nyingine. Nilimpokea kwa matusi, maana ndivyo ninavyopokea mtu niliyemlilia.

"Weka alama," nikamwambia. "Kila unapopinda, weka alama. Hata mtoto wa kwetu akienda kuchanja kuni msituni anaweka alama."

"Ziwa si shamba, mama watoto."

"Basi usiende."

"Wenzangu hawaweki alama."

"Wenzako wamezaliwa humo. Wewe umezaliwa kwenye mgomba. Nitakwenda Kighare nilete masale."

Masale ni ile mimea ya majani marefu tunayoipanda mpakani mwa mashamba. Kwetu sale likishasimama, limesimama. Anayeling'oa au kulisogeza amegombana na walio hai na waliokufa. Na ukikuta jani lake limefungwa mahali, kwenye mlango, kwenye mti, kwenye mgomba wa mtu, huligusi na wala huulizi. Aliyelifunga anajua sababu yake. Ndiyo maana niliona hakuna alama bora zaidi duniani: hakuna mtu angethubutu kuichezea.

Alibisha wiki nzima. Nikanuna wiki nzima. Mwishowe akakubali, na alipokwisha kukubali yule mtu wa reli ndani yake akaamka, akaanza kusema habari za ishara na taa nyekundu na kijani. Nikapanda mlimani, nikakata mzigo mzima wa masale kwenye mpaka wetu, nikashuka nao kichwani. Na kwa kuwa sikumwamini mtu yeyote kufunga fundo, niliingia mwenyewe kwenye mtumbwi. Nilishika ubavu wa mtumbwi kwa mkono mmoja, nikifunga kwa mwingine na meno. Kila njia ilipopinda nilikusanya matete kwenye kishada kikubwa nikayazungushia majani ya sale, juu, yaonekane kwa mbali. Mahali pengine nilichomeka shina zima kwenye lile fungu la mizizi na majani yaliyooza ambamo matete huota, likaingia vizuri kama kwenye udongo wa bustani.

Wakati tunaondoka, mvuvi jirani yetu alikuwa ameketi akikarabati mgono wake. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa pale pale ziwani. Alipouona mzigo wa masale mapajani mwangu akavua kofia, akageuza uso pembeni. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu angalau ana heshima.

Na alama zikafanya kazi. Miezi mitatu, minne, mume wangu alikwenda na kurudi kama mtu anayekwenda sokoni. Nilijivuna. Nilimwambia mke wa yule mvuvi kwamba sisi watu wa mlimani hatuendi ovyo, tunapanga. Yeye akaguna tu, akaendelea kuparua samaki.

Lakini kuna jambo moja sikulitilia maanani. Wavuvi wa pale walikuwa na kawaida ya kutazama mlima. Wakiwa majini waliangalia vilele viwili vya kwetu, wakivilinganisha ndipo walipojua njia iko wapi. Mlima ukifunikwa na wingu, hakuna aliyetoka. Mitumbwi yote ilibaki imepinduliwa ufukoni na watu wakasuka migono. Mume wangu sasa hakuhitaji mlima. Alikuwa na masale. Wenzake walipokaa, yeye alikwenda, akarudi na perege peke yake, na mimi nikawaona wenzake kuwa wavivu.

Mvua za masika zilikuja, maji yakapanda. Ikaja pia barua ya binti yetu. Alikuwa ameolewa upande wa Bombo, kwenye ukoo wa Wasabato wanaoshika dini yao barabara, na tangu tuhamie ziwani mumewe hakuwahi kufika kwetu. Nilisikia kwamba huko kwao walisema tumeshuka kukaa na vyura. Sasa mkwe anakuja, na atafika Ijumaa kabla jua halijazama, maana Sabato hasafiri. Nilifagia uwanja mara tatu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikaimba siku nzima.

Tatizo likawa chakula. Mkwe anayefika kwako mara ya kwanza humpi mboga tupu. Kuku wetu walikuwa wameisha kwa kideri. Migononi kulikuwa na kambare, na Msabato hali kambare kwa sababu hana magamba. Kumwekea mezani ni kumtukana na dini yake. Ilibidi wapatikane perege.

Ijumaa hiyo tuliamka mlima haupo. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mashamba ya chini, jeupe, zito, halisogei. Mitumbwi ya majirani ilikuwa imepinduliwa ufukoni, yote. Mume wangu alisimama mlangoni na koti lake, akatazama mitumbwi ile, akanitazama mimi.

"Leo pamekaa vibaya," akasema.

Ningeweza kusema kaa. Ningeweza kusema tutampikia mkwe maharage na ndizi, na akisema vibaya huko kwao na aseme. Nikasema, "Si una alama zako? Perege watatu tu, urudi."

Akaenda. Nilisikia upondo ukigonga ubavu wa mtumbwi, kisha sikusikia.

Adhuhuri ukaja upepo. Haukuwa mkali sana, lakini ulivuma bila kupumzika, na matete yakaanza kulia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia, kama mkeka mkubwa unaburutwa. Niliacha kumenya ndizi nikatoka. Wingu lilikuwa linaanza kuinuka, na mimi nikasimama ukingoni nikitazama mahali njia inapoanzia. Njia haikuwepo. Palikuwa na matete yaliyosimama imara kana kwamba yalikuwa pale siku zote.

Kisha nikaona sale. Jani langu, fundo langu, nalijua fundo langu. Lilikuwa juu ya kishada chake, wima, zuri, na lilikuwa likitembea. Kipande kizima cha matete, kikubwa kuliko uwanja wetu, kilikuwa kinapita mbele yangu taratibu kikienda kusini, na alama yangu juu yake. Nyuma yake kilikuja kipande kingine, nacho kina sale.

Nilikimbia kwa yule mvuvi huku nikipiga kelele. Hakuuliza mengi. Aliita ndugu zake wawili, wakapindua mitumbwi miwili, wakaingia. Nilitaka kwenda nao akanizuia kwa mkono. "Kaa hapa, mama. Wakija wageni wakukute."

Walimtafuta mpaka kivuli cha mlima kikapita ziwa zima. Waliporudi walikuwa wanavuta mtumbwi wa mume wangu, mtupu. Haukuwa umepinduka. Ndani, kwenye maji kidogo yaliyokuwa chini, walikuwemo perege watatu, na mmoja alikuwa bado anapiga mkia.

Mvuvi akanieleza akiwa amesimama majini, hakutaka kutoka. Walikuwa wameukuta mtumbwi mwisho wa njia isiyotokea popote, umeelekea kwenye sale. Mume wangu alifuata alama kama tulivyokubaliana, moja hadi nyingine, mpaka alama ya mwisho, na mbele yake pakawa pamefungwa. Upondo ulikuwa umelazwa vizuri ndani ya mtumbwi. Alikuwa ameteremka. Aliona kijani, aliona sale limesimama kwenye kijani, na mtu wa kwetu akiona sale anajua hapo ni ardhi ya mtu. Alishuka ili auvute mtumbwi juu. Hatua mbili kutoka kwenye sale, mvuvi akasema, palikuwa na tundu katika majani. Lilikuwa na upana wa mtu, na maji meusi ndani yake.

"Mama," akasema, "yale masale yalikuwa ya njia?"

"Yalikuwa ya nini basi?"

Akashika kichwa. "Sisi tulidhani ni mambo ya ukoo wenu. Sale haliulizwi. Ningejua ningesema. Matete haya yanaelea, mama. Hayajashika chini."

Nyuma yangu nikasikia sauti ya binti yangu ikibisha hodi uwanjani, yenye furaha, na sauti ya mwanamume ikisema shikamoo kwa nyumba tupu.

Mwili ulipatikana Jumapili. Ndugu za mume wangu walimpandisha Kighare kwa kupokezana, tukamzika kwenye migomba aliyoikataa. Mkwe wetu alibeba naye mwanzo hadi mwisho, hakukubali kupokewa, na mimi niliyemwogopa sikuweza kumtazama usoni. Perege wale sijui walikwenda wapi. Nadhani mke wa mvuvi aliwachukua.

Baada ya siku chache karani alipanda kutoka boma la Same kuandika habari za kifo. Alipewa kiti na meza uwanjani. Shemeji zangu walikaa kwenye benchi, wakubwa kwa wadogo, kwa mpangilio wao. Mimi nilikaa chini kwenye mkeka. Nilijua wanachokiwaza, maana mjane asiye na mtoto wa kiume hukaa kwenye migomba ya mumewe kwa hisani ya watu wa benchi lile. Karani aliuliza saa, akauliza upepo, akaandika. Kisha akauliza, "Hizi alama ziliwekwa kwa shauri la nani?"

Shemeji mkubwa aliinua macho akanitazama.

"La marehemu mwenyewe," nikasema.

Kalamu ikaandika. Karani akamgeukia mvuvi, aliyeitwa kutoa ushahidi, akamuuliza kama aliona alama zikifungwa. Mvuvi alikuwa ameniona kwa hatua kumi, mzigo mapajani, jani mdomoni. Alitazama kofia yake.

"Niliona mtumbwi kwa mbali," akasema.

Nikabaki Kighare. Hakuna aliyenifukuza, nimelima migomba ile mpaka leo, na nimekula vizuri. Ukoo ulipomaliza kulia ukaanza kutania, kama ilivyo kawaida. Mtu akiwa mbishi kwenye kikao huambiwa, "Wewe utakufa kama yule wa reli, aliyedhani ziwa lina njia ya chuma." Watu hucheka. Nami nimecheka pamoja nao kwenye harusi na kwenye mavuno, nikifunika mdomo kwa khanga.

Alikuwa mtu mlaini. Alibisha wiki moja tu maishani mwake, na alipoacha kubisha akafa. Sijawahi kumwambia mtu.

Krismasi iliyopita binti yangu alikuja na watoto wake, wakubwa sasa. Walikuwa wakiulizana habari za babu yao, na yeye akawaambia akiwa anamenya ndizi, hana kinyongo, kama anavyosimulia siku zote: "Babu yenu alikuwa haambiliki. Bibi alimkataza ziwa, akamkataza, hakusikia. Au siyo, mama?"

Watoto wote wakanigeukia.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa hasikii la mtu." Kisha nikamwomba anisogezee sufuria.